Tumbawe jeupe bado li hai

Huku Unguja, tumbawe likigeuka jeupe, wengi husema: limeshakufa hilo, jiwe tu, likanyage. Sivyo, na naumia kila nikisikia.

Tumbawe ni kundi la wanyama wadogo wenye minyiri, wengi wao kama punje ya mchele. Mwilini mwao huishi vimwani visivyoonekana kwa macho, vinavyowapa rangi na sehemu kubwa ya chakula. Maji yakizidi joto la kawaida la kiangazi hata kwa digrii 1, wiki kadhaa mfululizo, vimwani hutolewa nje. Tazama kwa miwani ya kuzamia: juu ya ule weupe, ambao ni mifupa ya chokaa, kuna utando laini unaong'aa. Huo ndio mnyama mwenyewe. Yu hai, ana njaa.

Joto lilipiga miamba yetu 1998, likarudi 2016. Maji yakipoa mapema, vimwani hurudi. Lakini maji taka yakimwagwa baharini hurutubisha majani ya mwani, nayo yakalifunika tumbawe kabla halijapata nafuu. Lililokufa kweli huwa si jeupe tena: limevaa utando wa kijani na kahawia.