Ruhusa uliyoitoa kwenye simu unaweza kuiondoa leo

Mama mmoja anayeuza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, alituletea simu yake. Wateja wake watatu wa Geita na Kahama walikuwa wametumiwa ujumbe: "Mwambie mwenzako alipe deni." Alikopa mtandaoni shilingi 40,000, akachelewa siku nne. Alichotaka kujua ni kimoja tu, namba za wateja wake wamezitoa wapi?

Wamezitoa kwake. Siku alipopakua programu ile ya mkopo, simu ilimuuliza kama anairuhusu isome majina aliyohifadhi, naye akabonyeza "Ruhusu" apate kuendelea. Simlaumu, maana swali hilo humkuta mtu akiwa na shida ya pesa. Ila naomba wananchi tuache kusema kila mara "nimedukuliwa". Katika malalamiko mengi ya aina hii hakuna aliyedukua, mlango umefunguliwa kutoka ndani. Na hoja ya "sina cha kuficha" haina msaada hapa, kwa sababu namba zilizochukuliwa ni za watu wengine ambao hawakuulizwa.

Funguo zipo kwenye mfumo endeshi wa simu. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, ruhusa ya majina, maikrofoni au mahali ulipo huombwa programu inapoihitaji, na unaweza kuiondoa wakati wowote. Kuanzia Android 12, alama ya kijani hutokea juu ya skrini kamera au maikrofoni inapotumika. Ingia Mipangilio, Faragha, kisha sehemu ya kudhibiti ruhusa. Kwenye simu ya mama yule, programu kumi na moja zilikuwa zinasoma majina, mojawapo ya tochi. Tochi inataka namba za wanunuzi wa dagaa za nini? Tulizizima, tukabakiza ya kupigia simu na WhatsApp. Wenye iPhone nao wana sehemu kama hiyo.

Kufuta programu hakurudishi kilichokwishatoka. Hapo ndipo inapoingia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Mwandikie kwanza mkusanyaji wa taarifa, yaani mwenye programu, umtake aache kuzitumia, na utunze nakala. Asipotekeleza, peleka lalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Taja jina kamili la programu, tarehe uliyoipakua, namba zilizotuma ujumbe, na uambatanishe picha za skrini zinazoonyesha tarehe na saa. Usifute ujumbe kwa hasira. Wengi hufuta, kisha wanakuja mikono mitupu. Uchunguzi unatakiwa ukamilike ndani ya siku 90, ingawa muda unaweza kuongezwa. Mtu anayetoa taarifa binafsi za wengine kinyume cha sheria anaweza kutozwa faini ya shilingi 100,000 hadi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kwa kampuni, faini ni kuanzia milioni 1 hadi bilioni 5.

Kabla ya kukopa, hakikisha mkopeshaji ana leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali.

Wateja wawili wa Geita wamerudi kununua. Yule wa Kahama bado hapokei simu za mama huyo.