Unauza friji au kochi lako mtandaoni? Anza kwa kutaja kasoro

Zamani mtu aliyehama nyumba Dar es Salaam, au aliyebadilisha samani za sebuleni, alimwita dalali wa mtaani akapokea alichopewa. Siku hizi vyombo vinatangazwa kwenye tovuti ya Jiji, kwenye makundi ya mauzo ya Facebook, Instagram na makundi ya WhatsApp ya mtaa. Bei huwa nzuri zaidi, ila kazi ya dalali imekuangukia wewe: kupanga bei, kujibu simu, kuchuja watu, kupokea pesa na kuhakikisha chombo kinatoka mlangoni kikiwa kizima.

Sehemu kubwa ya kazi hiyo humalizika kwenye tangazo lenyewe. Tangazo lenye picha moja iliyopigwa gizani na maneno "friji linauzwa, lipo vizuri, maongezi yapo" litaleta simu nyingi, na karibu zote ni za kuuliza yale ambayo yangepaswa kuandikwa. Mbaya zaidi, linakunyima namna ya kumtofautisha mnunuzi na tapeli, kwa kuwa wote wawili wanaanza kwa kuuliza. Ukieleza kila kitu, kasoro zikiwemo, mnunuzi wa kweli anabaki na mambo mawili tu: lipo bado, na nije lini. Anayepiga bila kugusa habari za chombo chenyewe utamjua mapema.

Tangazo linalotosha linaweza kuwa fupi hivi:

"Friji la milango 2, lita 200, limetumika miaka 4, mmiliki wa kwanza. Linagandisha vizuri. Droo ya chini imepasuka, mpira wa mlango wa juu umelegea kidogo. Risiti ipo. Kimara Korogwe, ghorofa ya kwanza. Sh 320,000, maongezi kidogo. Usafiri ni wa mnunuzi."

Mpira uliolegea haukupunguzii sana. Mnunuzi akiusoma nyumbani kwake, anakuja akiwa ameshaukubali. Akiugundua mbele yako, atashusha bei kwa 50,000 na bado ataondoka akijiuliza umeficha nini kingine. Maneno "ghorofa ya kwanza" nayo yana kazi, kwa sababu anayejua kuna ngazi atakuja na vijana wa kubeba badala ya kukuangalia wewe.

Piga picha 5 hadi 8, mchana, dirisha likiwa nyuma yako na si nyuma ya chombo. Mbele, ubavuni, ndani, kibandiko cha kiwandani chenye modeli na umeme kinaotumia, kisha kila kasoro kwa karibu. Televisheni ipigwe ikiwa imewashwa na kuonyesha picha nyeupe, maana hapo ndipo mistari na madoa ya kioo huonekana. Kochi na kabati lipigwe likiwa na futi ya kupimia. Andika urefu, upana na kina kwa sentimita, kwani makochi mengi hurudi yalikotoka kwa kushindwa kupita mlangoni. Kabla ya kuzipandisha, angalia nyuma ya kila picha kuna nini: watoto, namba ya gari, cheti kilichotundikwa ukutani, funguo mezani. Zima pia kipengele cha mahali kwenye kamera ya simu.

Chombo kilicholetwa kutoka Marekani kinahitaji sentensi ya ziada. Umeme wa kule ni volti 120 na wa kwetu ni 230. Blenda ya volti 120 ikichomekwa moja kwa moja huungua ndani ya muda mfupi, na aliyeiuza bila kusema hana pa kujificha.

Bei

Uliza kwanza bei ya kitu hicho hicho kikiwa kipya, Kariakoo au kwa mawakala, kwa sababu mnunuzi wako ameshaiuliza. Halafu tafuta matangazo kama 10 ya kitu kinachofanana na chako. Kumbuka kwamba unachokiona pale ni bei inayoombwa, si iliyolipwa. Tangazo lililokaa miezi mitatu linakuonyesha bei ambayo watu wameikataa. Kwa mtazamo wetu, chombo cha umeme cha miaka mitatu au minne kinachofanya kazi bila kasoro kubwa huenda haraka kikiombwa kama nusu ya bei ya dukani. Weka nafasi ya maongezi ya asilimia 10 hadi 15, na ujue moyoni bei ya mwisho kabla simu ya kwanza haijaita.

Samani zina hesabu nyingine. Kochi la mninga lililotengenezwa Keko linaweza kuwa na kitambaa kilichochakaa na bado likapata bei, kwa kuwa kitambaa hubadilishwa na fremu ndiyo thamani, hivyo taja aina ya mbao. Kabati la MDF, yaani mbao za unga wa mti uliogandishwa kwa gundi, liko kinyume chake. Likifunguliwa mara ya pili matundu ya skrubu humomonyoka, na likilowa miguuni huvimba. Kama linaweza kutoka nyumbani bila kufunguliwa, liandike hivyo, ni sifa. Godoro ni gumu kuuza na pengine halistahili usumbufu. Ukiuza, taja ukubwa (5 kwa 6, inchi 8), lilaze chini, weka mpini wa fagio juu yake na upime bonde la katikati. Likizidi sentimita 3 liseme. Kunguni wakiwa wameshaonekana nyumbani, usiuze godoro wala kitanda mpaka umalizane nao, kwani hujificha kwenye mishono na kwenye matundu ya skrubu za kitanda, si kwenye shuka.

Tangaza kati ya tarehe 25 na tarehe 5, mishahara inapotoka. Januari wauzaji ni wengi kuliko wanunuzi kwa sababu ya ada za shule. Kama unaweza kusubiri, subiri.

Jambo dogo linalosahaulika: hakikisha ni chako kuuza. Samani za mwenye nyumba, friji aliloliacha ndugu, kitu mlichonunua pamoja na mwenza. Makubaliano ya dakika tano ndani ya nyumba huokoa kikao kizima cha ukoo.

Kukiandaa chombo

Friji lichomeke usiku wa kuamkia siku ya mnunuzi na weka kikombe cha maji kwenye friza. Barafu ile itakutetea kuliko maelezo yoyote. Mkishakubaliana, lizime, liache liyeyuke, likaushwe, rafu zifungwe kwa utepe. Lisafirishwe likiwa wima kwenye Kirikuu au guta. Likilazwa, mafuta ya kompresa huingia kwenye mabomba ya gesi, na likiwashwa likiwa katika hali hiyo kompresa inaweza kufa. Mwambie mnunuzi, tena kwa ujumbe wa maandishi ili ubaki, kwamba alisimamishe saa kadhaa kabla ya kuliwasha, na kama lililazwa njiani aliache limesimama siku nzima. Lawama nyingi za "umeniuzia friji bovu" zinazokuja kesho yake zinaanzia hapa.

Jiko la gesi liuzwe bila mpira wake wa zamani, mnunuzi anunue mpya. Kabla ya kumwonyesha, paka povu la sabuni kwenye maungio. Vipovu vikichomoza gesi inavuja, na jiko hilo halijawa tayari kuuzwa. Mtungi ufungwe valvu, regulata itolewe, usafirishwe wima na kwenye gari lililo wazi. Mashine ya kufulia inayopakiwa nguo mbele huja na boliti za kushikilia pipa wakati wa usafiri. Kama bado unazo zirudishe, kama huna sema, kwani pipa lisiloshikwa hugonga kuta za ndani safari nzima.

Simu, kompyuta na televisheni ya kisasa zinabeba maisha yako. Kwenye simu ya Android, ondoa kwanza akaunti ya Google kwenye mipangilio, ndipo urudishe simu katika hali ya kiwandani. Ukifuta kwa njia ya vitufe bila kuondoa akaunti, simu itamdai mnunuzi nywila yako ikiwaka, naye atakupigia usiku. iPhone inataka utoke iCloud na kuzima huduma ya kuitafuta simu. Televisheni watu huisahau kabisa: YouTube na huduma za filamu hubaki na akaunti yako, wakati mwingine na kadi yako ya benki. Piga *#06# uandike namba za IMEI (utambulisho wa simu yenyewe) kabla simu haijatoka mkononi.

Anayepiga simu

Tumia laini ya pili kwa matangazo kama unayo. Namba ikiwa wazi, yeyote anaweza kuanza muamala wa kukutumia pesa, akaona jina lako lililosajiliwa, kisha akaghairi. Kwa hiyo mtu akikupigia na kukutaja majina yako kamili, usidhani anatoka kwenye mtandao wa simu au benki. Njia hiyo hiyo ni yako pia: jina linalotokea kwenye namba ya mnunuzi lilingane na lile alilojitambulisha nalo.

Dalili za tapeli hazibadiliki sana. Anakubali bei bila kuomba hata shilingi elfu moja ipungue (Tanzania hii, hilo peke yake linatosha kukushtua). Yupo mkoani, atamtuma dereva. Anataka kulipa sasa hivi kabla hajaona kitu. Anakutumia kiungo ujaze namba ya kadi "ili upokee malipo", au anadai mtu wa usafirishaji anahitaji kwanza ada ya bima kutoka kwako. Kupokea pesa hakuhitaji namba yako ya siri wala kiungo chochote. Mwingine huomba "namba 6 zilizoingia kwenye simu yako kimakosa". Hizo ndizo funguo za akaunti yako ya WhatsApp, na ukizitoa, baada ya muda mfupi ndugu zako wataanza kuombwa pesa kwa jina lako.

Siku ya kuonana, vitu vidogo vipeleke mahali penye watu, mchana: duka kubwa, benki, kituo cha mafuta chenye walinzi. Vitu vikubwa visogeze barazani au sebuleni karibu na mlango, mwambie mtu mwingine awepo, na usiwatembeze wageni vyumba vyote. Usimwekee mtu kitu kwa neno la mdomo. Anayetaka awekewe atoe malipo ya awali na muandikiane siku ya mwisho, la sivyo wa kwanza kufika na pesa ndiye mnunuzi.

Pesa

Hapa ndipo wauzaji waangalifu nao huumia. Ujumbe wa kwamba umepokea pesa si pesa. Matapeli huandika ujumbe unaofanana na wa mtandao hadi nukta, na usiamini kwa sababu tu unaonekana kutoka kwenye jina la mtandao, kwani jina la mtumaji nalo linaweza kughushiwa. Angalia salio mwenyewe kwa kupiga menyu: *150*00# kwa M-Pesa, *150*60# kwa Airtel Money, *150*01# kwa Mixx by Yas, iliyokuwa Tigo Pesa. Salio likiwa halijapanda, chombo hakipandi gari, hata dereva apige honi vipi. "Mtandao unasumbua" ni sababu ya kusubiri, si sababu ya kukabidhi.

Ukitumiwa zaidi ya mlichokubaliana na mtu akalia kwamba amekosea, usimrudishie kwa kumtumia wewe. Mwambie apigie mtandao wake urudishe muamala. Ukishatuma kwa mkono wako, naye akaomba muamala wa kwanza urudishwe, umelipa mara mbili. Kubalianeni mapema pia kama anatuma na ya kutolea, maana ugomvi wa makato hutokea mlangoni huku kochi likiwa tayari begani mwa watu.

Fedha taslimu zihesabiwe kwenye mwanga. Inua noti uione alama ya maji yenye sura ya Mwalimu Nyerere na upapase maandishi yaliyoinuka. Kiasi kikubwa ni bora mkakutane kwenye tawi la benki na kukiweka hapo hapo.

Kwa simu, kompyuta, televisheni na chochote chenye namba ya kiwandani, andikeni hati ya makabidhiano nakala mbili: majina na namba za simu za wote wawili, kitu na namba yake ya kiwandani, bei, kasoro zilizoelezwa, tarehe, saini, na shahidi mmoja kila upande. Mwonyeshane vitambulisho, lakini usimtumie mtu picha ya kitambulisho chako cha NIDA kwa WhatsApp. Hati hiyo inamlinda mnunuzi zaidi kuliko unavyodhani: kupokea mali ya wizi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na anayekataa kusaini huenda anajua kwa nini.

Kikishauzwa, futa tangazo au liandike "limeuzwa" siku hiyo hiyo, na hifadhi mazungumzo pamoja na hati kwa miezi kadhaa. Ukianza kununua vya wengine ili uuze kwa faida, hiyo ni biashara, na inataka TIN na leseni. Ukitapeliwa, usifute kitu: piga picha za skrini zenye namba, majina na saa, pigia mtandao wako mara moja uombe muamala uzuiwe kabla pesa hazijatolewa, peleka ujumbe wa kitapeli kwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia namba 15040, kisha nenda kituo cha polisi. Utapeli wa aina hii unaangukia pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kama taarifa za kitambulisho chako zilimfikia mtu huyo, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa jina lako, na usiyoitambua uende nayo kwa mtoa huduma ifungwe.