Kuboresha triga ya bunduki ya .22 maana yake nini hasa

Ukikaa na watu wenye bunduki ndogo za .22 (namba hiyo ni upana wa mtutu, kama inchi 0.22) huku Mwanza, au hata ukivuka Sengerema huko, lalamiko linalotokaga haraka ni "triga nzito", yaani kile kifyatulio cha kuvuta kwa kidole kinataka nguvu nyingi. Bunduki haipigi inapolengwa, basi triga nzito. Na anayetaka kuiboresha anaombaga kitu kimoja tu, fundi ailegeze. Hapo ndo nataka tuelewane vizuri maana kulegeza ni kipande kimoja tu cha hii kazi, tena ndo kipande cha hatari, na ukikishika hicho peke yake unaweza kutoka na bunduki nyepesi kidoleni ambayo haifai kukaa karibu na binadamu.

Kwanza bunduki yenyewe. .22 tunayoiongelea ni rimfaya, yaani ganda la risasi yake halina kile kidude cha katikati kinachogongwa na pini kama kwenye risasi kubwa, dawa ya kuwashia imetandazwa kwa ndani kwenye ukingo wa kitako cha ganda kuzunguka kote, pini ikija inaubonyeza huo ukingo na moto unashika baruti. Risasi yake maarufu, .22 Long Rifle, ipo tangu 1887 na mpaka leo ndo wanafunzi wa shabaha wanaanzia, na kwenye Olimpiki ndo inayotumika kwenye raifo ya mita 50. Hilo la pini kugonga ukingo lishike, tutalihitaji mbele.

Sasa ndani ya triga kuna nini. Ukikoki, kuna nyundo (kwenye nyingine ni pini yenyewe) inayosukumwa na springi yenye nguvu, muda wote inataka kwenda mbele. Kinachoizuia ni kipande kidogo cha chuma ambacho ukingo wake umekaa kwenye kijino cha ile nyundo, na eneo linaloshikana ni dogo sana, chini ya milimita au karibu na hapo. Triga kazi yake ni kukiondoa hicho kipande njiani, basi. Karibu kila unachokihisi kwenye kidole kinatoka kwenye hizo nyuso mbili za chuma zinavyoachana, kama ni laini au zina makwaruzo, kama zimeshikana sana au kidogo, na springi zinazozikandamiza.

Ndo maana wanaojua hii kazi wakiisifia triga hawaanzagi na uzito. Wanauliza inaanzaje, inakatikaje, inaishiaje. Kuna ile safari ya mwanzo ya kidole ambayo haina kazi, unavuta na hakuna kinachotokea, tuite mchezo. Kuna kujiburuza, yaani umeshafika kwenye uzito wenyewe lakini triga inasogea kwa mikwaruzo, inakwama, inasogea tena, hujui itaachia saa ngapi. Kuna kukatika, ule wakati nyundo inaachiwa. Na kuna kupitiliza, risasi imeshawaka lakini kidole bado kinaanguka nyuma kwa kasi mpaka triga igote kwenye kizuizi. Triga mbovu kuliko zote kwa maoni yangu ni inayojiburuza, kuliko hata nzito, kwa sababu nzito ukiizoea unajua itakatikia wapi lakini inayojiburuza kila siku ni habari mpya, na mpigaji akishachoka kusubiri anaikwapua kwa nguvu, hapo risasi imeshaenda zake pembeni.

Kuna triga za hatua moja na za hatua mbili. Ya hatua moja ukigusa tu uko kwenye uzito wote na inakatika. Ya hatua mbili ni kama klachi ya pikipiki, inakuja laini laini mpaka unakuta pale inapoanza kushika, unatulia hapo, alafu ukiongeza kidogo tu inaondoka. Wapiga shabaha wengi wa mashindano wanaipenda ya hatua mbili kwa sababu inawapa sehemu ya kupumzisha kidole wakati wanasubiri lengo litulie. Kwa mtu anayetembea nayo shambani hatua moja inayokatika safi inatosha kabisa.

Uzito nao una maana yake, sisemi hauna. Chukua Ruger 10/22, bunduki ya Kimarekani iliyotoka 1964 na labda ndo .22 inayobadilishwa vipuri kuliko zote duniani. Bunduki yenyewe ile ya kawaida ina uzito wa kama kilo 2.3 hivi. Triga yake ya kiwandani mara nyingi inapimaga kati ya paundi 5 na 7, yaani kilo 2.3 mpaka 3.2. Ona hapo, kidole kinavuta kwa nguvu inayolingana na uzito wa bunduki nzima au kuuzidi, alafu unategemea bunduki isitikisike! Kitako kiko begani, mtutu uko kama mita moja mbele, ukivuta ukausogeza mdomo wa mtutu milimita moja tu, kwenye umbali wa mita 50 risasi imehama karibu sentimita 5. Na kwenye tageti ya kimataifa ya raifo ya mita 50, duara la pointi 10 lina upana wa milimita 10.4. Kwa hiyo kusogea ambako jicho lako halikuoni kunatosha kukutoa kwenye kumi. Hii ndo sababu yote ya watu kuhangaika na triga, na ni sababu ya maana.

Lakini angalia hesabu hiyo inasema nini. Haisemi triga imeifanya bunduki ipige vizuri. Ukiifunga bunduki kwenye meza imara isitikisike kabisa, triga ya kilo 3 na ya kilo 1 zitakupa matundu yaleyale, maana mtutu na risasi havijabadilika. Anayebadilika ni mpigaji, anaacha kuisumbua bunduki dakika ya mwisho. Kwa hiyo mtu ambaye mtutu wake umeliwa na kutu, au anapiga risasi za mchanganyiko leo boksi hili kesho lile, akinunua triga ya bei mbaya atakuwa ameanzia mwisho. .22 inachagua sana risasi, ukijaribu aina mbili tatu tofauti kwenye bunduki ileile unaweza ukashangaa mwenyewe, na gharama yake ni ndogo kuliko triga.

Na kabla hata ya hapo, usafi. Kichwa cha risasi za .22 nyingi ni madini ya risasi (ledi) tupu, kimepakwa nta au grisi, ikipigwa inaacha masizi, nta na vumbi la ledi, na kwenye semi otomatiki, zile zinazojipakia zenyewe kila ukipiga, huo uchafu unarudi ndani moja kwa moja kwenye mashine ya triga. Ongeza unyevu wetu wa ziwani na vumbi la kiangazi, alafu mwenye nayo anamiminia oili nyingi akidhani anasaidia, oili inakusanya vumbi inakuwa uji mweusi mzito. Kuna triga zimelaumiwa miaka kumi na kumbe zilihitaji kusafishwa na kupakwa oili kiduchu. Zile bunduki za Brno za Czechoslovakia za bolti, yaani za kupakia kwa mkono kila risasi, ambazo zimesambaa sana Afrika Mashariki na wengine wameachiwa na wazee wao, zina triga rahisi na imara, nyingi ukizisafisha tu na zikiangaliwa na fundi zinarudi kuwa vizuri.

Kupima uzito wa triga sio siri. Mizani ndogo ya kuning'iniza yenye ndoano, zile wanazopimia sato mmoja mmoja pale Mwaloni Kirumba, inafanya kazi hiyo. Magazini nje, chemba (pale risasi inapokaa) imefunguliwa ikaangaliwa kwa jicho na kwa kidole, mtutu umeelekea sehemu salama, ndoano inakaa katikati ya triga, unavuta taratibu kunyooka nyuma na kusoma namba inapokatika. Rudia mara kadhaa. Na hapa nakuomba uangalie kitu ambacho wengi hawakiangaliagi, namba zinatofautiana kiasi gani? Triga inayosoma kilo 2 kila mara ni nzuri kuliko inayosoma kilo 1.2, mara 1.9, mara 1.4. Ila uliza kwanza kama bunduki yako inaruhusiwa kufyatuliwa bila risasi ndani, kwa sababu kwenye baadhi ya rimfaya, hasa za zamani, pini isipokuta ganda inagonga ukingo wa chemba yenyewe na kuuharibu, taratibu taratibu unaanza kuona risasi zinagoma au maganda hayatoki. Tumia ganda la plastiki la mazoezi.

Basi kuboresha kwenyewe kunakuwaje? Njia iliyonyooka ni kubadilisha mashine nzima ya triga kwa iliyotengenezwa kiwandani kwa bunduki hiyo. Ruger wenyewe wanauza BX-Trigger kwa ajili ya 10/22, wanaitangaza kwa paundi 2.5 mpaka 3, yaani kama kilo 1.1 mpaka 1.4. Nyingine zinakuja zinarekebishika toka kiwandani, mfano CZ 457 ina skrubu za uzito, za kujiburuza na za kupitiliza. Savage wao wana AccuTrigger, kuna kiulimi chembamba katikati ya triga, usipokibonyeza hicho mfumo hauachii, hiyo imewaruhusu kuweka uzito mdogo bila kupoteza usalama na mimi naiheshimu sana hiyo akili.

Njia inayoniogopesha ni ya tupa na msasa. Fundi anafungua, anazisugua zile nyuso mbili zinazoshikana mpaka zing'ae, triga inakuwa tamu kweli siku hiyo. Shida ni kwamba vipande hivi mara nyingi vimekomazwa juujuu tu, ngozi nyembamba ya chuma kigumu na ndani chuma laini, ukishaivuka ile ngozi vinaanza kulika vyenyewe kwa matumizi. Pembe ikibadilika kidogo au eneo la kushikana likipungua, bunduki iliyokokiwa inaweza kujifyatua ikigongwa kitako chini, au ikitikiswa kwenye pikipiki barabara ya vumbi, sefti (kile kizuizi cha usalama) nayo inaweza isisaidie kitu kwa sababu sefti nyingi zinaizuia triga tu, haziishiki nyundo. Mtoto yuko sebuleni, jirani yuko ukuta wa pili. Hakuna sentimita za kwenye tageti zinazofaa kununuliwa kwa bei hiyo.

Kuna ujanja mwingine, kuweka springi laini ya nyundo ili kipande kiachie kirahisi. Sasa rudi kwenye ule ukingo wa ganda. Rimfaya inahitaji pini igonge kwa nguvu ya kutosha kuuponda, nyundo ikiwa dhaifu risasi zinaanza kugoma, moja kwenye boksi, alafu tatu. Na risasi iliyogoma usikimbilie kufungua bolti, elekeza mtutu sehemu salama, subiri kama nusu dakika, maana mara chache inachelewa ikalipuka.

Alafu sheria. Kwetu silaha zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na leseni yako ya kumiliki haikufanyi fundi. Kabla hujagusa chochote ndani, uliza polisi walio na kumbukumbu za silaha yako, wakuelekeze kwa fundi anayetambulika.

Kama unauliza iwe uzito gani, kwa mazoezi ya shabaha kilo 1 na kitu mpaka 1.5 inakatika safi inamtosha mtu mwenye kidole kilichozoea, kwa anayejifunza au anayebeba bunduki akitembea ningekaa kwenye kilo 2. Wa mashindano wanashukaga chini zaidi, kanuni za ISSF, shirikisho la kimataifa la michezo ya shabaha, hazijaweka hata kima cha chini kwa raifo ya mita 50, lakini wale risasi inaingia chemba wakiwa wameshajipanga kwenye mstari na mtutu unaangalia tageti, na mpaka hapo kidole kinakuwa bado kiko nje.