Turbo haihitaji ekzosi inayobana moshi

Wapo mafundi wanaoapa kwamba ukiweka bomba pana la ekzosi injini itapoteza nguvu, eti inahitaji moshi ubanwe kidogo. Dhana hii ilianzia kwenye injini zisizo na turbo, yaani kifaa kinachozungushwa na moshi ili kisukume hewa zaidi ndani ya injini. Huko bomba likiwa pana mno, mwendo wa moshi hupungua, na ule mvuto unaosaidia kusafisha silinda hudhoofika. Kilichopotea ni kasi ya moshi, lakini watu wakadhani ni ule mbano.

Kwenye turbo hoja hiyo haina hata pa kushika. Feni ya turbo inazungushwa na joto la moshi pamoja na tofauti ya presha kati ya upande unakoingilia na unakotokea. Presha ya nyuma, yaani ya upande unakotokea, ikishuka, tofauti inakua na turbo inaamka mapema.

Kwa hiyo, mradi moshi upite kwa urahisi, hata ekzosi ya bei nafuu inaweza kufaa kabisa. Usiihukumu kwa mlio. Chungulia kona zake. Bomba lililokunjwa kwa kubonyezwa huwa jembamba palepale kwenye kona, hata kama limeandikwa inchi 3. Angalia pia kama kuna kipande kinachonyumbulika, la sivyo mtikisiko wa injini utapasua maungio. Na ukibadilisha sailensa ya nyuma pekee, mara nyingi utapata kelele tu, kwani pembamba zaidi huwa karibu na turbo.

Tahadhari moja: moshi ukipita kwa urahisi mno, presha ya hewa inayosukumwa na turbo inaweza kuvuka kiwango. Ipime.