"Serikali" si "siri kali"

Utani wa kwamba serikali ni "siri kali" ni mtamu, ila wapo wanaouchukua kama asili halisi ya neno. Sivyo. "Siri" ni Kiarabu, "kali" ni Kibantu; "serikali" imetoka kwingine kabisa, kwenye Kiajemi *sarkār*: *sar* ni kichwa, *kār* ni kazi. Yaani mkuu wa kazi, msimamizi.

India neno hilo limetangatanga zaidi. Enzi za Wamughal, watawala wa zamani wa India, *sarkar* lilikuwa eneo la utawala chini ya jimbo. Huko huko likawa namna ya kumwita bwana kwa heshima, na katika eneo la Bengal ni jina la ukoo hadi leo. Hebu fikiria kuitwa Bwana Serikali!