Hija ni nini, na je, safari ya gari inaweza kuwa hija?

Watu wengi hapa Nairobi wakisikia neno hija wanafikiria Makka tu, na hawajakosea, juu neno lenyewe limetoka kwa Kiarabu na kwa Mwislamu hija ni moja, ile ya Makka mwezi wa Dhulhija, nguzo ya tano, mara moja maishani kwa mwenye uwezo. Akienda Makka wakati mwingine wa mwaka hiyo ni umra. Akienda Lamu kwa Maulidi pale Msikiti wa Riyadha hiyo ni ziara, na ukiiita hija atakurekebisha, tena ana haki. Wakatoliki nao wamelitumia neno hilohilo miaka mingi, utasikia likitangazwa baada ya misa, hija ya Subukia, kule kwa Mama Maria ng'ambo ya Nakuru, ni Jumamosi, nauli ipelekwe kwa mwenyekiti wa jumuiya. Walokole wengi hawalitumii kabisa, wao watakwambia wanaenda mlimani kuomba.

Ukiweka kando hizo tofauti, maana inayobaki ni hii: hija ni safari ambayo mtu anaifunga kwa nia ya kumtafuta Mungu mahali fulani, na njia ya kufika huko inahesabiwa kuwa ni sehemu ya sala. Hapo kwa njia ndo mimi nataka tukae kidogo, kwa sababu wengi wanadhani ibada inaanza mkishafika.

Rodi tripu ya kawaida si unajua venye huwa, mnatoka asubuhi Jumamosi, muziki juu, mnasimama pale juu ya Bonde la Ufa mnapiga picha, mnakula nyama Naivasha, mkirudi mnanunua viazi Soko Mjinga, mnafika nyumbani mmechoka na mmefurahi. Hakuna ubaya wowote. Na hija ya gari inaweza kupita barabara hiyohiyo, kwa gari hilohilo, hata viazi mkanunua. Kinachobadilika ni nia, na nia si hisia inayokuja yenyewe mkiwa njiani, ni kitu unaweka kabla ya kutoka, unasema kabisa kwa mdomo naenda kwa sababu hii, namwombea fulani, nashukuru kwa hili.

Na kuna kitu cha Waislamu ambacho mimi Mkatoliki nakipenda sana, ile dua ya kupanda chombo. Imetoka kwa Kurani sura ya 43, na maana yake ni kumtukuza yule aliyetutiishia chombo hiki, maana sisi wenyewe tusingekiweza, na kwamba kwa Mola wetu ndiko tutakakorejea. Jirani yangu huisoma kila mara kabla ya kuwasha gari hata kama anaenda tu Gikomba, ufunguo tayari uko mahali pake, midomo inacheza kidogo, halafu ndo unasikia injini. Nilimuuliza siku moja akaniambia, ndugu yangu, hii dua inakukumbusha safari mbili kwa mara moja, hii ya leo na ile ya mwisho. Tangu siku hiyo sijawahi kuwasha gari bila kunyamaza kwanza. Na angalia pia, musafiri anaruhusiwa kupunguza swala za rakaa nne ziwe mbili, yaani dini inatambua kwamba mtu aliye njiani yuko katika hali yake ya pekee.

Biblia nayo imejaa barabara. Zaburi ya 120 hadi 134 zimeandikwa juu yake wimbo wa kupanda mlima, na wengi husema ndizo watu walikuwa wakiimba wakienda Yerusalemu kwa sikukuu. Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni yule Mwethiopia wa Matendo sura ya 8. Alikuwa ametoka kuabudu Yerusalemu, sasa anarudi kwao, ameketi garini mwake (Biblia yetu inasema hivyohivyo, garini) anasoma Isaya na haelewi, na Filipo anapanda anakaa naye. Huyu ni Mwafrika, yuko kwa gari, yuko kwa barabara ya jangwani, na kile alichokuwa anatafuta hakukipata kule alikokuwa ameenda, alikipata wakati wa kurudi. Akabatizwa kwa maji waliyoyakuta tu njiani.

Mimi hii maana niliielewa siku nilipompeleka mamangu Subukia. Tulikuwa tumemzika baba mwaka uliotangulia na mama alikuwa hajawahi kuongea juu ya usiku ule wa mwisho hospitalini, ukimuuliza anainuka anaenda kuosha vyombo. Tukapitia njia ya chini, ile ya Limuru kushuka Mai Mahiu. Kwa gari mnakaa nyote mnaangalia mbele, hakuna anayemtazama mwenzake usoni, na nafikiri hiyo ndo ilimsaidia, kwa sababu tulipoanza kuteremka tu akaanza kusimulia, polepole, macho kwa barabara, na mimi nikapunguza mwendo malori yanipite kwa sababu sikutaka tufike haraka.

Pale chini tukasimama kwa lile kanisa dogo la Waitaliano. Kama hujawahi kuingia, ni kanisa dogo kabisa kando ya barabara, lilijengwa 1942 na mateka wa kivita Waitaliano, walewale waliokuwa wanajenga barabara hiyo kwa amri ya Waingereza. Ndani ni watu wachache tu wanatosha. Mama alisimama ameweka kiganja kwa ukuta, nje lori linashuka linapumua breki, harufu ya breki iliyoungua inaingia mpaka ndani, na akasema, hawa walikuwa wafungwa na bado wakamjengea Mungu nyumba. Hakusema lingine. Tulikaa pale labda robo saa. Ukiniuliza hija yetu ilikuwa wapi nitakwambia ilikuwa hapo, na Subukia tulienda kushukuru tu.

Kuna watu huuliza kama gari si ni kuifanya hija iwe rahisi, na ni swali la haki. Kuna Wakenya ambao kila mwaka huvuka mpaka kwa miguu hadi Namugongo kule Uganda, wafike kabla ya tarehe 3 Juni, kuwakumbuka mashahidi kina Karoli Lwanga aliyechomwa moto pale 1886 kwa sababu ya imani. Miguu inavimba na bado wanaimba. Siwezi kulinganisha kiti changu cha gari na hiyo. Lakini mamangu magoti hayamruhusu, na hija haikuwekwa kwa wenye magoti mazuri peke yao. Mwenye gari dhabihu yake iko kwingine: kuzima redio kutoka Nairobi mpaka Naivasha, kukubali foleni bila kutukana, kumpa lifti mama aliyebeba mzigo, kuacha simu kwa begi. Kilomita kama 160 mpaka Nakuru bila simu, jaribu uone, utasikia mambo mengi ndani yako ambayo mjini yanafunikwa na kelele.

Kutoka Nakuru unapita Bahati halafu unafika Subukia, mahali pa hija pa Mama Maria ambapo Wakatoliki wa nchi nzima hukutana Oktoba kwa siku ya maombi. Kuna kilima na kuna chemchemi, na watu huja na mitungi. Mama alipanda akishika bega langu, akisimama kila baada ya hatua chache, hataki kusaidiwa zaidi ya hapo. Akajaza mtungi wake wa lita tano.

Kurudi hakuongea sana, alilala kutoka Gilgil. Yale maji aliyaweka kwa chupa ndogo ndogo, moja akampelekea yule jirani yangu wa dua, naye akaipokea kwa mikono miwili akamuuliza, mama, mlifika salama? Akamjibu, tulifika, na baba yao nimeshamwongelea.