Namba hufurika njiani, kabla jibu halijafika

Kijana mmoja ninayemfundisha aliniletea msimbo wa C++ ambao jaji, programu inayosahihisha majibu ya mashindano, alikuwa ameukataa mara sita. Swali lenyewe jepesi: orodha ina namba n, je, ina vipande mfululizo vingapi? Kwa n = 10 programu yake ilitoa 55, sawasawa. Kwa n = 100000 ikatoa 705082704, wakati jibu ni 5000050000.

"Lakini mwalimu, jibu nimeliweka kwenye long long!"

Kweli aliliweka; long long ni aina ya namba kamili yenye biti 64. Mstari wake ulikuwa huu:

long long jibu = n * (n + 1) / 2;

Tatizo ni kwamba n ilikuwa int, aina ndogo zaidi ya namba kamili. Kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, haiulizi zao linakwenda kuhifadhiwa wapi. Inatazama vinavyozidishwa tu. Int mara int ni int, na int ya biti 32 inakomea 2147483647. 100000 × 100001 ni 10000100000, haienei. Biti za juu zikakatwa, ikabaki 1410165408, ikagawanywa kwa mbili. Long long ikapokea namba iliyokwisha kuharibika.

Tazama pia kwamba namba hiyo si hasi. Wanafunzi wengi hungoja alama ya kutoa ndipo washtuke, na mara nyingi haiji. Tena kwa kanuni za C++, int ikifurika hakuna dhamana yoyote ya kitakachotokea.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni hili: usipime ukubwa wa jibu peke yake, pima kila hatua ya kulifikia. Katika fomula hiihii, n ikiwa kati ya 46341 na 65535, jibu la mwisho linaenea vizuri kwenye int. Linaloharibika ni zao kabla ya kugawanya.

Dawa ni 1LL * n * (n + 1) / 2. Hiyo 1LL, yaani moja ya aina ya long long, ikae mbele. Ukiiweka mwisho, n * (n + 1) itakuwa imeshafurika.

Kosa hilohilo hujificha kwenye accumulate, amri ya C++ ya kujumlisha orodha: ukianza na 0, jumla inahifadhiwa kwa int hata kama orodha nzima ni long long. Anza na 0LL. Limo pia kwenye (chini + juu) / 2, njia ya kutafuta katikati. Mwaka 2006 mhandisi wa programu Joshua Bloch alieleza kwamba hata maktaba ya Java ilikuwa nalo katika utafutaji wake wa nusu kwa nusu. Andika chini + (juu - chini) / 2.

Wapo wanaogeuza kila int kuwa long long. Siwalaumu, ila nayo ina kikomo, karibu 9.2 × 10^18. Kwa mabaki ya kugawanya kwa 1000000007, zao la namba mbili linaenea, la namba tatu halienei, kwa hiyo chukua baki kila unapozidisha. Na ukitaka kujua kama a * b inazidi L, zote zikiwa namba kamili chanya, usizidishe: uliza kama a > L / b.

Kabla ya kutuma, endesha programu kwa kipimo kikubwa kabisa kinachoruhusiwa na swali, ukiwa umeijenga kwa chaguo la -fsanitize=signed-integer-overflow, linalokamata int inayofurika. Kompaila za GCC na Clang zote zinalikubali. Yule kijana alipofanya hivyo, skrini ilimtajia mstari wenyewe na namba mbili zilizogoma kuzidishwa: 100000 na 100001.